Mwili Nao Hufundishika



Katika Injili ya Marko, sura ya tano, tunakutana na mwanamke asiyetajwa jina. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitokwa na damu. Mwinjili anaongeza mambo mawili ambayo msomaji wa haraka huyapita: kwamba aliteseka mikononi mwa waganga wengi, na kwamba alimaliza mali yake yote bila kupata nafuu. Tena, kwa sheria ya wakati ule, tunayoisoma katika kitabu cha Walawi sura ya 15, kila alichokikalia na kila aliyemgusa alihesabiwa kuwa najisi. Ndiyo maana alikuja kwa nyuma, akijificha katikati ya umati. Yezu alimponya, lakini hakumwacha aende zake kimya kimya. Alisimama, akamtafuta kwa macho, akamsikiliza mbele ya watu wote, akamwita binti yake. Mwili ulikuwa umekwisha kupona; bado Yezu alitaka kumwondolea ule woga wa kujificha.

Tunaanza na mwanamke huyo kwa sababu wenzake wangali nasi. Katika kila parokia yuko mama ambaye zamani aliimba kwaya, na sasa anakaa karibu na mlango ili atoke upesi. Yuko mwingine aliyeacha kabisa kuja Misa na mikutano ya jumuiya. Mkojo humtoka bila hiari yake anapokohoa, anapocheka, anapoinua ndoo ya maji, hata anapoinuka baada ya kupiga magoti. Yuko mzee aliyepasuliwa kibofu au tezi, ambaye hasafiri tena kwa kuogopa kuaibika ndani ya gari. Yuko msichana aliyejifungua kwa shida akiwa bado mdogo, ambaye jirani zake humsengenya kwa harufu asiyoweza kuizuia. Wote hao wana jambo moja linalowaunganisha: wanaamini kwamba hawana la kufanya.

Kumbe lipo. Ipo tiba ambayo mara nyingi haihitaji kisu wala vidonge, na ambayo madaktari wengi duniani huiweka mbele kabla ya kufikiria upasuaji. Hospitalini kwetu huitwa kinesiterapi, au kwa kifupi kine. Na tawi tunalotaka kulieleza hapa ni lile linaloshughulikia misuli ya sakafu ya nyonga. Maoni yetu ni haya: kimya kinachoifunika sehemu hiyo ya mwili hakimlindi mtu yeyote. Kinamwongezea mgonjwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Na kijana Mkristu anayefahamu jinsi Mungu alivyouumba mwili ana wajibu wa kusaidia kuutua mzigo huo.

MISULI ISIYOONEKANA

Kila mmoja wetu amewahi kumwona mama akimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Kitenge kikikazwa vema, mtoto hutulia hata mama akiinama kulima; kikilegea, mtoto huteremka kidogo kidogo, na mama hana raha. Ndani ya nyonga zetu, wanaume kwa wanawake, upo mfumo wa misuli unaofanya kazi kama kitenge hicho. Umeanzia kwenye mfupa wa mbele, chini ya kitovu, ukapita kati ya miguu hadi kwenye kifundo cha mwisho cha uti wa mgongo. Juu yake vimekaa kibofu cha mkojo, utumbo wa mwisho, na kwa mwanamke, tumbo la uzazi.

Kazi ya misuli hiyo si moja. Inabeba viungo tulivyovitaja visishuke. Inafunga njia za mkojo na za choo, kisha inazifungua kwa wakati wake. Inahusika katika tendo la ndoa na katika kuzaa. Tena haifanyi kazi peke yake: inashirikiana na misuli ya tumbo, ya mgongo, na ule msuli mpana wa pumzi ulio chini ya mapafu. Mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo, nguvu ya tumboni husukuma kwenda chini. Misuli yenye afya hujikaza nukta moja kabla, bila sisi kuwaza, na njia hubaki imefungwa. Mtu mzima hufanya hivyo mara nyingi kila siku bila kumshukuru Muumba, kwa kuwa hajui kama kuna kitu kinachofanyika.

Misuli hiyo hudhoofika kwa sababu nyingi. Mimba yenyewe huibebesha uzito kwa miezi tisa; kuzaa huinyoosha mno, na mara nyingine huichana au kuumiza neva zake, hasa uchungu ukiwa mrefu au mtoto akiwa mkubwa. Kikohozi cha muda mrefu huisukuma kila saa, na kufunga choo kwa miaka vilevile. Uzee huipunguzia nguvu, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Upasuaji wa tezi ya kibofu kwa wanaume unaweza kuacha udhaifu huohuo. Na hapa kwetu mashariki mwa Kongo, tunawaona kila siku mama wabeba mizigo, wameinama hadi chini, kamba ikiwa imewakaza kwenye paji la uso, mgongoni makaa, mchanga au mihogo. Mzigo wa namna hiyo, ukirudiwa bila pumziko, hasa mara baada ya kujifungua, unaielemea misuli ambayo haijapata nafasi ya kupona.

Tuongeze jambo ambalo wengi hawalitazamii. Kuna watu ambao misuli yao haikulegea bali imekaza kupita kiasi. Hofu, maumivu ya zamani, au kutendewa ukatili huweza kuufanya mwili uwe kama ngumi isiyofunguka. Hao huumia wanapokwenda haja au katika tendo la ndoa. Nao wanahitaji tiba hii, lakini kwa njia nyingine, kama tutakavyoona.

NENO LENYE HEKIMA

Madaktari wetu wamesomea kwa Kifaransa, nao huita tiba hii reedukasio, maana yake kufundisha upya, kulea upya. Sisi tuliozoea ubao na chaki tunalipenda neno hilo, kwa sababu linasema ukweli wote. Msuli ni mwanafunzi. Mwanafunzi hafundishwi kwa kupigwa wala kwa kuonewa aibu. Hufundishwa kwa kujua kwanza amefikia wapi, kwa kuonyeshwa, kwa kurudia, kwa kuongezewa ugumu polepole, na kwa kupumzishwa.

Wazo hilo halikuzaliwa jana. Mwaka 1948 daktari wa magonjwa ya wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika jinsi alivyowafundisha mama waliojifungua kuikaza misuli hiyo kwa utaratibu, na jinsi walivyopata nguvu tena. Mazoezi hayo hata leo huitwa kwa jina lake katika nchi nyingi. Huko Ufaransa, mama akisha kujifungua anaweza kuandikiwa vipindi kumi vya mafunzo hayo, na bima ya afya ya taifa huvilipia. Wafaransa hawawahesabu mama hao kuwa wagonjwa wa aibu; wanawahesabu kuwa watu waliofanya kazi kubwa na sasa wanastahili kurudishiwa nguvu zao.

Je, mafunzo yenyewe huendaje? Kipindi cha kwanza kwa sehemu kubwa ni mazungumzo. Mtaalamu huuliza: unakwenda haja mara ngapi mchana na usiku? Unakunywa nini? Umezaa mara ngapi, na namna gani? Unabeba mizigo gani? Mara nyingi humwomba mtu aandike kwa siku chache saa za kunywa na saa za kwenda haja, ili hesabu ionekane. Baadaye hufuata uchunguzi wa mwili. Hapo ipo sheria isiyovunjwa: mlango umefungwa, mambo yote yameelezwa kwanza, na mgonjwa amekubali. Ana haki ya kukataa, ana haki ya kusimamisha uchunguzi katikati, ana haki ya kuwa na mtu anayemwamini pembeni yake. Kwa mtu aliyewahi kutendewa kwa nguvu, kuulizwa ruhusa ni sehemu ya uponyaji wenyewe.

Kisha mwanafunzi hutafuta msuli wake. Huambiwa akaze kana kwamba anazuia upepo na mkojo kwa pamoja, akivuta kuelekea ndani na juu, bila kubana matako, bila kubana mapaja, na bila kuzuia pumzi. Jambo hilo lasikika kuwa rahisi. Hata hivyo watu wengi mwanzoni husukuma chini badala ya kuvuta juu, na hivyo hujizidishia shida. Ndiyo sababu mwalimu anahitajika. Msuli ukisha kupatikana, mazoezi huanza: kukaza kwa sekunde chache, kulegeza kabisa kwa muda uleule au zaidi, na kurudia mara nane hadi kumi na mbili, kila siku mara tatu, kwanza kwa kulala chali, baadaye kwa kukaa, hatimaye kwa kusimama. Yasifanywe kila mara wakati wa kukojoa, kwa kuwa kukatiza mkojo hovyo huvuruga kibofu. Na uvumilivu ni lazima: hutakiwa angalau miezi mitatu kabla ya kuhukumu kama tiba imefaa au haikufaa.

Mafunzo hayaishii kwenye mkeka. Mama hufundishwa kukaza kabla ya kukohoa na kabla ya kuinua ndoo, hadi iwe desturi. Anayekwenda haja kila mara hufundishwa kukizoeza kibofu, akichelewesha kidogo kidogo mpaka kijue tena kungoja. Anayefunga choo hufundishwa kuinua miguu juu ya kigoda kidogo akiwa ameketi chooni, kunywa maji ya kutosha, na kutojikamua. Na wale ambao misuli yao imekaza hufundishwa kinyume: kupumua kwa kina, kulegeza, kuachilia. Kwao mazoezi ya kukaza yangekuwa kama kumkaripia mtoto ambaye tayari anatetemeka.

Mjue basi jinsi tiba hii isivyo ya anasa. Katika hospitali tajiri vipo vyombo vinavyoonyesha nguvu ya msuli kwenye kioo. Lakini kiini chake ni mkeka, glavu safi, faragha, na mtu aliyefundishwa vema, mwenye saburi.

TUNDU NA KITENGE

Hapa kwetu, hata hivyo, hatuwezi kusema juu ya jambo hili bila kutaja fistula. Uchungu wa kuzaa ukizidi siku moja au mbili na mtoto asipite, kichwa chake hubana nyama laini za mama dhidi ya mfupa. Damu hukosa kupita, nyama hufa, na baada ya siku chache hubaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, au kati ya njia ya uzazi na utumbo. Tangu hapo mkojo au choo hutoka mchana na usiku. Mara nyingi mtoto naye amekwisha kufariki. Mama huyo hakukosa lolote. Alikosa tu upasuaji wa kumzalisha kwa wakati. Katika nchi yetu wako pia waliopata majeraha ya namna hiyo kwa sababu ya ubakaji wakati wa vita.

Lazima tuseme wazi: tundu la fistula lililokwisha kukomaa halifungwi kwa mazoezi. Hufungwa na mpasuaji. Mungu ameijalia nchi yetu wapasuaji hodari. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege chini ya ndugu zetu Waprotestanti wa CEPAC, inajulikana ulimwenguni kote kwa kazi hiyo. Na mwaka 2018 daktari huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Mjini Goma, hospitali ya HEAL Africa nayo imewatibu wanawake wengi wa namna hiyo.

Lakini kufunga tundu si mwisho wa safari. Wanawake wengine, ijapokuwa tundu limefungwa barabara, huendelea kuvuja wanapokohoa au kutembea, kwa sababu misuli na neva zilizozunguka ziliumia pia. Hebu fikirini uchungu wake: amesafiri mbali, amepasuliwa, ameambiwa amepona, amerudi nyumbani kwa furaha, na kisha nguo inalowa tena. Wengi hudhani wamelaaniwa. Hapo ndipo kine inapoingia. Kabla ya upasuaji, mama hufundishwa kuujua mwili wake na kuanza kuimarisha misuli. Baada ya kidonda kupona na mpira wa mkojo kuondolewa, huendelea na mazoezi yake taratibu. Wengine waliokandamizwa neva za mguu wakati wa uchungu huburuta unyayo. Nao hufundishwa kutembea upya.

Katika hospitali ya Mtakatifu Yohane wa Mungu mjini Tanguiéta, kaskazini mwa Benin, inayoendeshwa na watawa wa shirika la mtakatifu huyo, upasuaji wa fistula ulifuatana na mafunzo ya kine na ya afya, na matokeo yakawa bora zaidi. Huko Addis Ababa, hospitali ya fistula iliyofunguliwa mwaka 1974 na madaktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald, nayo imewapa mama hao nafasi ya kufundishwa viungo vyao upya. Na hapa mashariki mwa nchi yetu tiba hii imekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wa fistula. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Ni mambo ya Waafrika wanaotibu Waafrika.

MAPINGAMIZI TUNAYOYASIKIA

Wa kwanza husema: «Mambo ya sehemu za siri hayazungumzwi na watu wa Kanisa.» Tunaiheshimu adabu ya wazee wetu. Yapo maneno ambayo hayasemwi mbele ya kila mtu, na lugha chafu haimfai Mkristu. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho barua yake ya kwanza, sura ya 12, alifundisha kwamba viungo vya mwili tunavyovidhani havina heshima ndivyo tunavyopaswa kuvizungushia heshima kubwa zaidi. Heshima ni kuvifunika. Ni pia kuvitunza na kuvitibu. Anayekataa hata kukitaja kiungo kinachoumwa amekiacha bila vazi na bila dawa.

Wa pili husema: «Tuombe tu, Mungu ataponya.» Naam, tuombe. Kanisa lina Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, na hatuionei haya. Lakini Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana, na dawa zatoka katika ardhi aliyoiumba Bwana. Tunasikitika kuona vyumba vya maombi ambamo mama anayevuja huambiwa kwamba amerogwa na mkwewe, kisha hutozwa fedha ili afunguliwe. Huko ndiko kumaliza mali yote bila kupata nafuu, kama yule mwanamke wa Injili. Sala ya kweli haimfungii mgonjwa njia ya hospitali. Humsindikiza mpaka mlangoni.

Wa tatu husema: «Hayo ni ya wanawake.» Tumekwisha kuonyesha kwamba mwanamume naye ana misuli hiyo, na kwamba baada ya upasuaji wa tezi huihitaji sana. Lakini hata kama yangekuwa ya wanawake tu, je, mama si mama yetu? Nani hubeba maji ya nyumbani? Nani hubeba magunia? Mvulana anayesimama na mikono mfukoni huku dada yake mjamzito akipanda mlima na mzigo, naye amehusika katika ugonjwa huu.

Wa nne husema: «Wataalamu wa kine ni wachache, tena wako mjini.» Huyo ana haki, na hatumjibu kwa maneno matupu. Kwa mama wa kijijini, njia ya kwenda hospitali kuu ni ndefu, ghali, na pengine haina usalama. Ndiyo sababu tunasema kwamba maarifa haya yasibaki mjini. Muuguzi wa kituo cha afya na mkunga wanaweza kufundishwa mambo ya msingi: kutambua ni nani wa kutumwa kwa daktari bila kukawia, na ni nani anayeweza kuanza mazoezi karibu na nyumbani. Mtu asijitibu kwa kusikia tu; anayevuja mfululizo, anayetoka damu, anayesikia maumivu au kitu kinachoshuka, aonwe kwanza. Lakini mwenye udhaifu wa kawaida, akisha kufundishwa vema mara chache, hubeba dawa yake ndani ya mwili wake mwenyewe, na hakuna wa kuinyang'anya.

NINYI MTAFANYA NINI?

Hatuwaombi muwe madaktari. Twawaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kundi la vijana, liwe la Kizito-Anuarite, la Xaveri, la kwaya au la watumishi wa altare.

Kwanza, ulimi. Mzaha juu ya harufu ya mtu, wimbo wa kumcheka mzee aliyejilowesha, jina la utani analopewa msichana mwenye fistula: hayo yakome kati yenu. Kiongozi wa kundi asiyakubali hata mara moja. Anayecheka hajui kwamba mtu mwingine aliyeketi palepale, mwenye shida ileile, ameamua siku hiyo kutoisema kamwe.

Pili, njia. Mwalikeni muuguzi au mkunga wa kituo cha afya cha karibu aje kuwafundisha. Tarehe 23 Mei kila mwaka Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya kutokomeza fistula ya uzazi. Siku hiyo inafaa sana. Ulizeni hospitali ya eneo lenu: je, ipo huduma ya kine? Siku gani? Kwa bei gani? Kisha habari hiyo itangazwe katika jumuiya, kwa heshima, ili mama aipate bila kulazimika kuuliza. Vijana wenye nguvu, pale barabara isipopitisha gari, wabebe machela ya mama mwenye uchungu bila kungoja apambazukiwe mara ya pili.

Tatu, kinga. Nyonga za msichana mdogo bado hazijakomaa kwa kuzaa. Kumwoza mapema ni kumweka katika hatari ya fistula. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza ndoa ya aliye chini ya miaka 18, na Kanisa halibariki ndoa isiyo na hiari. Mkisikia jirani anapanga mahari ya binti wa miaka kumi na minne, mwendeeni padri na viongozi wa jumuiya. Na nyumbani mwenu, mama akijifungua, mumewe na watoto wakubwa wabebe maji na kuni mpaka apate nguvu.

Nne, na hili ndilo gumu, rafiki. Mgonjwa huyu hahitaji huruma ya mbali. Anahitaji mtu mmoja atakayemwambia faraghani: «Mama, wapo watu wanaotibu shida ya namna hii, nitakusindikiza.» Neno hilo moja laweza kufupisha miaka kumi na miwili.

Tunaamini ufufuko wa mwili. Kila Dominika tunaukiri katika Kanuni ya Imani. Basi tusiukiri mwili utakaofufuka huku tukiudharau ule uliokaa karibu na mlango wa kanisa, ukingoja nafasi ya kutoka. Mwili huo umeumbwa ufundishike. Unajifunza hata baada ya jeraha, hata baada ya miaka mingi, ukipata mwalimu mwenye saburi. Nasi jumuiya tunaweza kujifunza pia.

Kwa mazungumzo ya kundi:

1. Someni Marko 5, 25-34. Kwa nini Yezu hakuridhika kumponya mwanamke yule kwa siri?

2. Katika mtaa au kijiji chetu, mtu anayevuja mkojo husemwaje? Ni maneno gani tungependa yachukue nafasi ya hayo?

3. Nani kati yetu atakwenda kituo cha afya wiki hii kuuliza habari za kine, na ataleta jibu siku gani?